Kabla Vidau Havijashuka Majini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyeacha ofisi yenye kiyoyozi ukaja kukaa nasi kwenye viti vya plastiki. Ndugu Mwenyekiti wa chama chetu cha mashindano ya vidau, ambaye nje ya uenyekiti ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, kwa hiyo leo nina haki ya kukuheshimu na haki ya kukutania. Ndugu Mpimaji Mkuu mpya, uliyekabidhiwa muhuri wangu asubuhi hii mbele ya macho ya wote. Mafundi wa karakana, wazazi, wageni waalikwa. Na ninyi wanamashindano mliobanana pale mlangoni, mmeshavaa jaketi za kuelea na mnaniombea kimoyomoyo nimalize haraka: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa maneno machache ya kuaga. Shemeji amenishika mkono pale nje akaniambia, "Shemeji, shukuru, toa machozi kidogo kama yatakuja, halafu kaa. Mgeni ana safari." Nimemwelewa. Kushukuru nitashukuru. Machozi siwezi kuyaahidi. Na kukaa, tutaona.

Mheshimiwa, najua unajiuliza swali ambalo watu wengi wameniuliza wakiwa na adabu ya kulificha: mpimaji wa vidau anapima nini hasa, hata kazi hiyo imle mtu ujana na uzee wake? Nikujibu kwa kifupi. Kidau cha mashindano unachokiona pale nje kinaendeshwa na mtu mmoja peke yake. Tanga moja, usukani mmoja, mtu mmoja. Hana mwenzake wa kumlaumu, na hili kwa binadamu ni gumu kuliko upepo. Ili mshindi awe ni mtu na isiwe ni chombo, vidau vyote lazima vilingane: uzito, upana, urefu wa mlingoti, ukubwa wa tanga, hata unene wa ubao unaoteremshwa tumboni mwa kidau ili kisiserereke pembeni. Mpimaji ndiye anayesema vimelingana. Na ndiye anayesema havijalingana, na hapo ndipo anapopoteza marafiki. Mimi nimewapoteza wengi, na wengine wamo humu ndani, wamenona na wana afya.

Wameniita Mama Milimita. Wengine wameniita majina mengine ambayo Mwenyekiti asingependa yasemwe mbele ya mgeni.

Vidau hivi vipya tunavyovizindua leo, Mheshimiwa, vilizaliwa kwenye meza yetu ya kulia chakula. Msanifu wake ni huyu bwana wa mstari wa mbele aliyevaa miwani ya kamba, ambaye ni baba wa watoto wangu. Miaka nenda miaka rudi nimekula sahani ikiwa mapajani kwa sababu meza ilikuwa na michoro. Asubuhi ananiambia, "Mama, nikikipunguza upana hapa mbele kitakata maji kama kisu." Jioni ananiambia, "Mama, nimekosea, kikiwa chembamba hivi mtoto mwepesi hatakimudu." Ndivyo walivyo wasanifu. Kidau kikiwa kipana kinatulia, lakini kinakokota maji. Kikiwa chembamba kinakimbia, lakini kinakutupa. Kikiwa kizito kinasamehe makosa, kikiwa chepesi hakisamehi hata chafya. Yeye alitaka kile kinachokimbia, na chini ya sehemu ya nyuma akakilaza bapa, ili upepo ukishika kiinuke juu ya maji na kuteleza. Nilipokiona kinateleza mara ya kwanza nilipiga kelele ufukweni mpaka mbwa wa jirani wakaitikia. Nilijivunia mume wangu siku ile, na nasema hapa mbele ya watu kwa sababu nyumbani nikisema ataacha kuosha vyombo.

Mwenyekiti anagonga saa yake. Nimeona, shemeji. Nakuja.

Lakini kasi ile ina bei yake, na mwenye kuilipa ni mtu aliye ndani. Katika kidau hiki mzigo wa kukizuia kisipinduke ni mwili wake mwenyewe. Upepo ukikaza, ananasa miguu kwenye mkanda ulio sakafuni, anautoa mwili nje ya ubavu, mgongo unakaribia kuguswa na maji, mapaja yanawaka moto, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye kamba ya tanga. Akichelewa kidogo tu kuilegeza kamba, kinalala. Na kitalala, Mheshimiwa. Hakuna bingwa ambaye hajapinduka. Kupinduka ni sehemu ya mchezo, kama vile kuanguka ni sehemu ya kujifunza baiskeli. Mtoto anacheka, anapanda juu ya ule ubao wa tumboni, anavuta, kidau kinasimama, anaendelea.

Sasa nataka niulize. Kwa nini anaweza kucheka? Kwa nini kidau kikilala ubavu kinabaki kimelala ubavu, kikimsubiri mwenyewe, badala ya kuendelea kubiringika mpaka kikawa chini juu?

Jibu liko juu ya mlingoti. Mlingoti wa kidau hiki ni bomba la alumini, tupu ndani, limezibwa juu na chini. Ndani yake ni hewa tu. Ukigusa maji unaelea, na ukielea unakishikilia kidau kisizame upande wake. Msanifu wetu alikesha na kile kizibo cha juu kuliko alivyokesha na watoto wake walipokuwa na surua. Nami niliulaza kila mlingoti kwenye maji ya bwawa, nikauacha pale, nikautoa, nikautikisa sikioni. Ukisikia tone moja ndani, haupiti. Milingoti ya vidau hivi vyote niliitikisa kwa mikono hii wiki iliyopita. Ilikuwa mikavu.

Nasema ilikuwa.

Naomba kabla sijaendelea nimsifu mtu mmoja. Ninyi mnamjua kama Mpimaji Mkuu mpya, dada makini anayevaa rula mfukoni kama daktari anavyovaa kipimo shingoni. Mimi namjua tangu alipokuwa mshindani. Enzi zile tulikuwa na vidau vya zamani, na milingoti yake ilikuwa imechoka, ina vitundu vya misumari iliyopigiliwa huku na huku, na chama kilisema tutarekebisha msimu ukiisha. Siku moja upepo ulikuwa wa kawaida kabisa, alikuwa anaongoza, akapinduka palepale mbele ya jukwaa. Watu walicheka na kupiga makofi. Kidau kikalala ubavu. Halafu nikaona ncha ya mlingoti inazama. Polepole. Kidau kikageuka chini juu, na yeye hakutoka.

Mnajua maji yanavyonyamaza? Kule jukwaani muziki ulikuwa unaendelea. Nilikuwa kwenye boti ya uokoaji, nikaruka na viatu. Chini ya kidau kilichogeuka tanga linakuwa kama shuka lililolowa, unasukuma huku linakurudia huku. Kamba ya tanga ilikuwa imemzunguka mguu. Nilimpapasa gizani mpaka nikashika nywele. Nilimtoa kwa nywele, na mpaka leo hajanisamehe kwa sababu alikuwa ametoka kusukwa.

Mnacheka. Hata yeye anacheka, namwona. Lakini alipotoka alikuwa wa bluu, na mama yake alikuwa amesimama ufukweni ameshika taulo na hakuweza kulifungua. Alipopata nafuu hakurudi kushindana. Alikuja kwangu akasema, "Nifundishe kupima." Hakusema kitu kingine. Nimemfundisha, na leo asubuhi, katika hafla nzuri, nimemkabidhi muhuri. Tangu saa ile, Mheshimiwa, mimi katika uwanja huu sina mamlaka hata ya kumzuia kuku asivuke. Nataka hili lieleweke, kwa sababu ndilo lililonifanya nisimame hapa muda wote huu nikiwachosha.

Mheshimiwa, geuza macho kidogo dirishani. Unaona vidau vyetu vimepangwa ufukweni, matanga yako tayari. Juu ya kila mlingoti kuna kibendera chenye rangi zako. Vinapendeza, sitaki kusema uongo. Jana havikuwepo. Vimewekwa leo, sisi tukiwa kwenye chai, na aliyeviweka ni Mwenyekiti wetu mwenyewe, amevua koti, amepanda ngazi, kwa upendo wote wa kutaka uone sherehe iliyotimia. Namjua shemeji yangu. Hata kwenye harusi yangu ni yeye aliyepanda juu ya paa kufunga taa, nusura aanguke atuanzie ndoa kwa matanga ya msiba. Hana moyo mbaya hata chembe.

Lakini kibendera hakisimami kwa upendo. Kimesimama kwa bolti. Na bolti imepita kwenye bomba, imeingia upande huu ikatokea upande ule, chini kidogo ya kizibo. Nilipotoka kwenye chai nilikuta unga wa alumini kwenye mchanga, unang'aa. Nikainua macho.

Tulia, baba watoto. Kaa. Najua hukuambiwa. Hata mimi sikuambiwa. Kaa kwanza nimalize.

Matundu mawili, ndugu zangu. Tundu moja lingekuwa baya, mawili yanayotazamana ni mabaya zaidi, kwa sababu mlingoti ukilala majini tundu la chini linaingiza maji na la juu linatoa hewa. Yanasaidiana. Bomba linajaa wakati mtoto bado anajifuta macho, na kidau kinaendelea na safari yake ya kwenda chini juu. Na kidau hiki ni chembamba, Mheshimiwa, nimekueleza kwa nini. Kile cha zamani kilikuwa kipana, kilijivuta kabla ya kugeuka. Hiki hakitajivuta. Kile kile kinachokifanya kiwe na kasi kitakifanya kigeuke haraka. Na kikishageuka na mlingoti umejaa maji, wanahitajika watu wawili wazito kukirudisha. Hiki ni kidau cha mtu mmoja.

Nilimfuata Mwenyekiti. Nilimwambia kwa faragha, kwa heshima, pale nyuma ya mahema. Nilimwambia, "Shemeji, vitoe, tuzibe kwa gundi, ikauke, ndipo waende." Akaniambia, "Shemeji, ni bolti ndogo kama kidole cha mtoto. Mgeni ana ndege. Televisheni wamefika. Na hawa wasiposhindana leo, jina la mtu wa kutuwakilisha kwenye mashindano makubwa halitoki, na nafasi inakwenda kwa chama kingine. Usinivunjie heshima siku yangu." Halafu akaniambia jambo la kweli. Akasema, "Na isitoshe, wewe umestaafu."

Ni kweli. Nimestaafu. Ndiyo maana nimekuja kwenye maikrofoni, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichoandikiwa kwenye ratiba.

Mwenyekiti, usisimame. Ukiizima hii nitaendelea kwa mdomo, na unajua sauti yangu. Ulikuwa unaisikia kutoka nyumba ya pili.

Sikusemi ili nikuaibishe. Haki ya Mungu sina furaha hata kidogo. Nilikuja leo nikiwa na hotuba nyingine, ina mizaha mizuri tu. Lakini mimi nasoma upepo kwa kazi, na tangu nianze kusema nimekuwa nikivitazama hivyo vibendera dirishani. Nilipowasalimu vilikuwa vinapepea. Sasa vimenyooka kama vimepigwa pasi. Upepo umepanda, na unaendelea kupanda, na boti za uokoaji tulizo nazo ni mbili, na moja leo imepewa wapiga picha.

Niwaulize wazazi. Mwanao akipinduka kule mbali, na boti moja iko kwa mwingine aliyepinduka upande wa pili, utahesabu nini ukiwa umesimama na taulo?

Pale mlangoni, mbele kabisa, kuna binti mmoja wenzake wanamwita Kijiko. Wanamwita hivyo kwa sababu ni mwembamba, ukimwangalia kwa pembeni unamkosa. Ndiye mwepesi kuliko wote. Upepo ukiwa mdogo hakuna anayemwona hata mgongo, kwa kuwa ameshafika. Mimi nadhani ndiye atakayetuwakilisha. Ananiita mama mkubwa, kwa sababu baba yake ni shemeji yangu. Baba yake ni Mwenyekiti.

Shemeji. Sasa nakuita shemeji, uenyekiti tuuweke kando. Yule ni wako. Ulimbeba mabegani ukamwingiza majini ukiwa unatetemeka kuliko yeye. Ukiniambia hapa, mbele ya watu, kwamba ulipanda ngazi ile ukatoboa mlingoti wa mwanao na bado umetulia, nitashuka, nitakula keki, na sitasema tena. Niambie tu.

Unamtazama mwanao.

Basi tumtazame mwenye kujibu. Ndugu Mpimaji Mkuu, asubuhi nilikuona pale ufukweni. Uliinua kichwa, ukatazama juu, ukatazama muhuri mkononi mwako, ukatazama kamera. Nilijua unachofikiria, kwa sababu kila mpimaji amekipitia: neno langu la kwanza kazini liwe kukataa? Mbele ya mgeni? Mbele ya bosi? Watasema nini, huyu naye ameanza ukali wa yule bibi? Watasema, mwanangu. Nakuhakikishia watasema. Watasema na utalala njaa ya kusalimiwa. Wapo watakaovuka barabara wakikuona.

Sitakuamuru, kwa sababu siwezi tena. Sitakuambia ungefanya nini, kwa sababu unajua kuliko mimi. Mimi niliyaona maji yale kutoka juu. Wewe uliyaona kutoka chini.

Neno ni lako.

Ndugu wageni, msigeuke kumtazama, mtamwongezea uzito. Tazameni mbele.

Sema kwa nguvu, mama. Maikrofoni haifiki huko. Rudia.

Mmemsikia wote? Nyuma mmesikia? Basi nirudie kwa ajili ya televisheni, maneno ni yake na si yangu. Amesema hakuna mlingoti utakaoingia majini. Amesema milingoti yote ishushwe, bolti zitoke, matundu yazibwe pande zote mbili, kila bomba lilazwe bwawani kabla ya kurudishwa. Amesema boti ya wapiga picha irudishwe kwa waokoaji. Na amesema mashindano yatakuwa pale atakapogonga muhuri, si kabla.

Kijiko, umekuwa wa kwanza kuvua jaketi. Nenda, mama, nenda na wenzako mkaisaidie karakana. Taratibu na matanga, msiyaburuze mchangani. Baba watoto, sasa unaweza kusimama, naona ulikuwa umeshaanza kukunja mikono ya shati. Na shemeji... shemeji, nakuona unakwenda. Koti unaliacha kwenye kiti. Vizuri. Ngazi ni nzito, mpishe kaka yako ashike upande wa pili. Mtagombana baadaye nyumbani kwangu, chakula kitakuwepo na meza leo haina michoro.

Ndugu wanahabari, mtaandika mtakavyo. Lakini mkiandika kwamba sherehe iliharibika, andikeni pia kwamba watoto wote walirudi nyumbani kwa miguu yao.

Nashukuru. Nilisema nitashukuru. Nawashukuru mafundi ambao mnajua kupiga msasa na mnajua kusubiri. Nawashukuru wazazi mliotuamini na vitu vyenu vya thamani. Nakushukuru mume wangu kwa kuchora kitu chepesi hivi hata kikatufanya sote tuwe waangalifu. Nawashukuru hata mliokasirika nami kwa milimita mbili, maana hakuna hata mmoja wenu niliyempeleka nyumbani kwa mama yake akiwa amebebwa, na hilo ndilo pekee nililolitaka katika kazi hii.

Mheshimiwa, unainua mkono. Karibu.

Unauliza itachukua muda gani, na kama bastola ya kuanzishia unaweza kuipiga leo au uahirishe safari.

Ni swali zuri sana, Mheshimiwa. Ila unanitazama mimi. Naomba usinitazame mimi. Mpimaji Mkuu ni yule dada aliyesimama pale karibu na dirisha, mwenye rula mfukoni. Muulize yeye. Atakalokujibu, ndivyo litakavyokuwa, na mimi pamoja na ninyi nyote tutalifuata.

Mimi nakwenda kukaa. Mmenivumilia, mmenisikiliza mpaka mwisho, na sina la kuwalipa isipokuwa ahsante. Ahsanteni sana.